Ujumbe Unapita Mikononi mwa Nani

Ujumbe wa simu unaotoka Mwanza kwenda kwa ndugu aliyeko Muscat haufiki moja kwa moja. Kwanza unapaa hewani mpaka kwenye mnara wa kampuni ya simu, kisha unashuka kwenye nyuzi za kioo zilizofukiwa ardhini hadi Dar es Salaam. Hapo unazama baharini ndani ya mkongo na kuibukia kwenye seva za kampuni yenye programu iliyotumika, seva ambazo mara nyingi ziko Ulaya au Marekani. Ndipo unageuza njia kuelekea Oman. Safari yote huisha kabla mtumaji hajaweka simu mezani. Njiani ujumbe hukatwa vipande vidogo, na kila kipande hubeba anwani mbili: ya kilikotoka na ya kinakokwenda. Kanuni za kukata na kuunganisha vipande hivyo zilianza kutumika tarehe 1 Januari 1983 katika mtandao wa watafiti nchini Marekani. Kanuni hizo hazikuwa na kinga ya siri ndani yake, kwa sababu waliokuwa wakiwasiliana walikuwa wachache na wengi wao walijuana.

Katika kila kituo cha safari hiyo kuna mwenyewe. Mnara una kampuni yake, mkongo una wabia wake, seva ina mmiliki wake, na juu ya wote hao kuna serikali iliyowapa leseni. Kila mmoja wao ana uwezo wa aina mbili, yaani kutazama kinachopita na kukizuia. Watu wamezoea kuyatenga mambo haya: faragha inaonekana ni suala la mtu na siri zake, na udhibiti wa habari ni ugomvi wa serikali na waandishi. Kwenye mitambo ni suala moja. Anayetaka kuzuia ukurasa fulani lazima kwanza aweze kujua nani anaufungua, na anayeweza kujua hilo ana zana zote za kuuzuia. Karibu kila kilichotokea katika intaneti ya Afrika Mashariki kwa miaka kumi na mitano iliyopita, kuanzia usajili wa laini kwa alama za vidole hadi kuzimwa kwa mtandao siku za uchaguzi, kinaeleweka vizuri zaidi mtu akianzia hapo.

Milango ya kuingilia yenyewe ni michache. Hadi mwaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini wa intaneti. Mawasiliano yalipitia setilaiti, kwa bei ambayo ofisi nyingi hazikuimudu. Mwaka huo mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa ukitokea Fujairah, na SEACOM ukatia nanga Mombasa na Dar es Salaam. EASSy ukafuata mwaka 2010. Bei ilishuka na simu zikajaa intaneti, lakini nchi nzima zikawa zinategemea nyaya chache. Uganda, Rwanda na Burundi, zisizo na bahari, hupata sehemu kubwa ya huduma hiyo kupitia kwa majirani zao. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika kwa pamoja, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa kwa siku nyingi. Ilikuwa ajali. Lakini ajali hiyo iliwaonyesha wananchi jinsi mambo yanavyokuwa milango miwili mitatu inapofungwa, na kuwaachia swali litakalorudi mbele ya makala hii: intaneti inapokatika, mwananchi atajuaje kama ni waya au ni amri?

Kuhusu kutazama, miaka ya mwanzo ya tovuti ilikuwa ya uwazi mtupu. Ukurasa uliofunguliwa ulisafiri kama kadi ya posta, maandishi yakiwa nje, na aliyeishika njiani aliweza kuisoma. Mwenye kijiwe cha intaneti aliweza kuona barua pepe za wateja wake kama alitaka. Dawa ilikwishapatikana kitambo. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha njia ya kihisabati inayowawezesha watu wawili wasiowahi kukutana kukubaliana ufunguo wa siri mbele ya watu wote, na wasikilizaji wasiupate. Huo ndio msingi wa usimbaji fiche wa leo, unaougeuza ujumbe kuwa msururu wa herufi zisizosomeka kwa yeyote asiye na ufunguo. Kwa miongo kadhaa ulinzi huo ulibaki zaidi kwa benki, majeshi na wataalamu wachache. Mwananchi wa kawaida alikuwa akiandika kwenye kadi.

Mabadiliko yaliharakishwa mwezi Juni 2013, pale Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi chini ya shirika la ujasusi la NSA la Marekani, alipotoa kwa waandishi nyaraka zilizoonyesha kwamba Marekani na Uingereza zilikuwa zikikusanya mawasiliano kwa wingi, hata kwa kuchota moja kwa moja kutoka kwenye mikongo ya baharini. Hapo kampuni kubwa zilianza kukimbizana kufunika njia zao. Mwishoni mwa mwaka 2015 mradi wa Let's Encrypt ulianza kugawa bure vyeti vinavyowezesha tovuti kutumia HTTPS, ile alama inayoonekana mwanzoni mwa anwani. Tarehe 5 Aprili 2016 WhatsApp ilikamilisha usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho kwa watumiaji wake wote, zaidi ya watu bilioni moja. Tangu siku hiyo maneno yanayoandikwa kule hayasomeki kwa kampuni ya simu, wala kwa mwenye mkongo, wala kwa WhatsApp yenyewe. Ni mojawapo ya hatua kubwa kuliko zote zilizowahi kupigwa kulinda siri za watu wa kawaida, na ilipita kimya kimya, kwa maandishi madogo ya manjano juu ya gumzo.

Lakini bado kuna kinachoonekana. Kampuni ya simu haisomi kilichoandikwa, ila inajua laini ipi iliwasiliana na huduma gani, saa ngapi, kwa muda gani, ikiwa karibu na mnara upi. Kumbukumbu hizo zinatosha kusimulia maisha ya mtu. Laini iliyopiga hospitali ya saratani mara tatu wiki moja, ikampigia dada mtu usiku, kisha ikaulizia bima, imeshasema yote bila neno hata moja kusikilizwa. Kumbukumbu za miezi sita huonyesha mtu analala wapi, anasali wapi, na anakutana na nani. Watafiti na majasusi wanakubaliana katika hili, kwamba kumbukumbu za mawasiliano ni rahisi kuchambuliwa kwa kompyuta kuliko mazungumzo yenyewe.

Na laini ina jina. Tanzania ilianza usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA tarehe 1 Mei 2019, na baada ya kuongezwa muda, laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa kuanzia tarehe 20 Januari 2020. Majirani nao husajili laini kwa vitambulisho. Sababu inayotolewa ni kupambana na uhalifu, na uhalifu upo: yeyote mwenye simu amewahi kupokea ule ujumbe wa „ile pesa itume kwenye namba hii”. Hata hivyo ujumbe huo haukwisha laini ziliposajiliwa. Kilichokwisha ni uwezekano wa mtu mwema, mfanyakazi anayetaka kufichua wizi wa ofisini kwa mfano, kutuma taarifa bila jina lake kuandikwa mahali.

Usimbaji fiche ulipoenea, wazuiaji wa habari nao walibadili mbinu, na hapa ndipo historia inapogeuka kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Zamani serikali iliyochukizwa na ukurasa mmoja iliweza kuuzuia ukurasa huo peke yake, kwa kuwa mitambo iliona jina la ukurasa likipita. Chini ya HTTPS mitambo huona jina la tovuti tu. Ukurasa uliofunguliwa hauonekani ni upi. Anayetaka kuzuia ukurasa mmoja analazimika kuchagua kati ya kuuacha na kufunga tovuti nzima. Uturuki ilifika kwenye njia panda hiyo tarehe 29 Aprili 2017. Ilikuwa imekasirishwa na kurasa chache za Wikipedia zilizoihusisha na vita vya Syria, na ikaifunga Wikipedia yote, kwa lugha zote. Wanafunzi wa Uturuki walikaa bila kamusi elezo hiyo hadi tarehe 15 Januari 2020, baada ya Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo kuamua kwamba hatua hiyo ilivunja uhuru wa maoni.

China ilikuwa imejipanga mapema zaidi. Tangu mwaka 2009 imezifungia Facebook na Twitter, na mwaka 2010 Google iliacha kuendesha huduma yake ya utafutaji kule bara. Nafasi zao zilijazwa na kampuni za ndani zinazotii maagizo ya serikali, hivyo kazi ya kufuta maandishi inafanywa na kampuni zenyewe ndani ya seva zao, ambako usimbaji wa njiani hausaidii kitu. Ni mfumo unaodai fedha, wataalamu na soko la watu zaidi ya bilioni moja. Nchi nyingi za Afrika hazina vyote hivyo. Kilichobaki mikononi mwao ni swichi.

Kuzima intaneti hakuhitaji mtu kukata waya. Mamlaka ya mawasiliano hupeleka barua kwa kampuni za simu, na kampuni hutii kwa sababu leseni na mitambo yao imo nchini. Mafundi wana njia kadhaa. Wanaweza kuamuru daftari la majina ya tovuti litoe jibu la uongo, kuzuia anwani za programu fulani, au kupunguza kasi hadi picha zisifunguke huku rasmi mtandao ukiwa „upo”. Njia kali kuliko zote ni kuacha kuitangazia dunia kwamba anwani za nchi zipo. Misri ilifanya hivyo usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 2011, wakati wa maandamano dhidi ya Rais Hosni Mubarak. Ndani ya muda mfupi nchi yenye watu zaidi ya milioni 80 ilitoweka karibu yote kwenye ramani ya intaneti, na haikurudi hadi tarehe 2 Februari.

Afrika Mashariki na Kati zilifuata kwa mtindo wao. Burundi ilizuia WhatsApp na Facebook mwishoni mwa Aprili 2015, watu walipoandamana kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, na ikazuia tena mitandao ya kijamii siku ya uchaguzi, tarehe 20 Mei 2020. Uganda ilizuia mitandao ya kijamii siku ya uchaguzi wa tarehe 18 Februari 2016, na pamoja nayo huduma za kutuma pesa kwa simu. Mwaka 2021 ilizima intaneti yote jioni ya tarehe 13 Januari, siku moja kabla ya kura, ikairudisha tarehe 18. Facebook iliendelea kufungwa muda mrefu baada ya hapo. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo intaneti ilikatwa tarehe 31 Desemba 2018, siku iliyofuata uchaguzi, ikakaa hivyo kwa karibu siku ishirini kura zikihesabiwa na matokeo yakitangazwa. Nchini Tanzania mitandao ya kijamii ilizuiwa kuanzia tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi. Miaka mitano baadaye, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wenyewe, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, huku mtandao wa X ukiwa umefungwa tangu Mei mwaka huo. Ulimwenguni kote, muungano wa mashirika unaofuatilia jambo hili, #KeepItOn, ulihesabu uzimaji 296 katika nchi 54 kwa mwaka 2024 pekee.

Sababu zinazotolewa ni usalama na uvumi. Uvumi unaua, hilo halina ubishi. Watu wameuawa kwa maneno ya uongo yaliyosambazwa kwa simu. Lakini kuzima mtandao hakuuzimi uvumi. Huzima njia za kuukanusha. Mwandishi hawezi kutuma picha ya kituo cha kura wala wakala wa chama fomu ya matokeo, na aliyesikia mlio wa risasi mtaa wa pili hana pa kuuliza. Mtu wa kwanza kuumia kwa kawaida si mwanasiasa. Ni wakala wa pesa za simu aliyekaa kibandani na mtandao haupo, na mama anayesubiri mwanawe aliyeko Kampala amtumie hela ya dawa, kwa sababu katika ukanda huu simu ndiyo benki. Serikali inayozima intaneti imezima na mkoba wa mwananchi.

Kuna pia uzimaji mdogo wenye nia inayoeleweka, nao unastahili kutazamwa kwa jicho lile lile. Novemba 2023, na tena mwaka 2024, Kenya ilizuia Telegram wakati wa mitihani ya kumaliza sekondari, KCSE, ili kukomesha uuzaji wa mitihani iliyovuja. Lengo ni jema. Kipimo ndicho kibaya: mamilioni ya watu walinyimwa chombo cha mawasiliano kwa kosa la makundi machache ya walaghai.

Lile swali la waya au amri lilijitokeza Kenya tarehe 25 Juni 2024. Siku moja kabla, mamlaka ya mawasiliano ilikuwa imetangaza kwamba haina nia ya kuzima intaneti. Siku yenyewe, vijana waliopinga Mswada wa Fedha walipoingia Bungeni Nairobi, intaneti ilidorora vibaya, na majirani nao wakaguswa. Kampuni za simu zilitaja hitilafu ya mikongo ya baharini. Huenda ni kweli, mikongo hukatika. Lakini katika eneo lenye milango michache na historia kama hii, hata ajali ya kweli haiaminiki tena, na hiyo ni hasara inayowapata wote, serikali pamoja nao.

Mtandao ukiwa umezuiwa nusu, wengi hukimbilia VPN. Programu hiyo hufumba mawasiliano yote na kuyapeleka kwanza kwenye seva iliyo nchi nyingine, hivyo kampuni ya simu huona mteja anazungumza na seva hiyo tu. Uganda ilipoanzisha kodi ya mitandao ya kijamii tarehe 1 Julai 2018, shilingi 200 kwa siku, VPN ziliingia katika simu za watu ambao kabla ya hapo hawakuwahi kuzisikia. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba VPN haiondoi macho, inayahamisha. Kile alichokuwa akikiona mwenye mnara sasa anakiona mwenye VPN, na anayetoa huduma hiyo bure lazima apate mahali pa kulipwa, mara nyingi kwa kuuza taarifa za watumiaji. Mtandao ukizimwa kabisa, VPN haifai kitu. Tarehe 13 Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN kuziandikisha hadi kufikia tarehe 30 mwezi huo, na hapo ndipo ule udugu wa kutazama na kuzuia unapoonekana waziwazi: ili kuzuia, sharti kwanza kujua nani anajificha.

Njia nyingine ni leseni, na hii haina kelele. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu kulipa shilingi 100,000 za maombi, shilingi milioni moja za leseni, na milioni moja nyingine kila mwaka. Kwa kijana anayeandika habari za kata yake ada hiyo ilikuwa amri ya kunyamaza. Kanuni zimerekebishwa tangu hapo, lakini blogu nyingi zilizofungwa hazikufufuka. Jukwaa la JamiiForums, lililokuwa likipokea taarifa za ufisadi kutoka kwa watu wasiojitaja, lilisimama kwa muda mwezi Juni 2018 kwa sababu ya kanuni hizo. Mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikuwa ameshakamatwa Desemba 2016 na kushtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, baada ya kukataa kuwapa polisi majina ya watumiaji wake. Mwaka 2019 Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari, yenye makao New York, ilimpa tuzo yake ya kimataifa. Septemba 2025 TCRA ilisitisha leseni ya jukwaa hilo kwa siku 90. Kesi ya Melo ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote katika ukanda huu wa jinsi uhuru wa kusema unavyoning'inia kwenye uwezo wa kutotajwa. Je, wanachama wa jukwaa lake wangeandika yale waliyoyaandika kama wangejua majina yao yangefika polisi kwa barua moja?

Serikali si mtazamaji pekee. Mikopo ya simu imewafundisha Wakenya somo hili kwa uchungu. Programu nyingi za kukopesha ziliomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina iliyo kwenye simu, na mkopaji, mwenye haraka ya karo au dawa, aliibonyeza. Alipochelewa kulipa, wakopeshaji walianza kuwapigia bosi wake, mama mkwe wake, na watu aliowahi kusoma nao, wakiwatangazia deni. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zinazopiga marufuku vitisho na udhalilishaji wa aina hiyo, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilimtoza faini mkopeshaji mmoja aliyetumia namba za watu wasiohusika. Siku hizo hizo shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kisha kuna Worldcoin, mradi uliowafanya watu wapange foleni ndefu Nairobi mwaka 2023 kupigwa picha za mboni za macho kwa malipo ya sarafu ya kidijitali. Serikali iliusimamisha tarehe 2 Agosti 2023, na tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa za miili ya watu zilizokusanywa zifutwe ndani ya siku saba. Nenosiri likiibwa hubadilishwa, jicho halibadilishwi.

Sheria za kuwalinda watu zipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja faragha katika ibara ya 31, na sheria ya ulinzi wa data ilifuata mwaka 2019, mwaka ambao Uganda nayo ilipata yake. Rwanda ilitunga ya kwake mwaka 2021. Katiba ya Tanzania inalinda faragha katika ibara ya 16 na mawasiliano katika ibara ya 18. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kuunda tume ya kusimamia. Kwa sheria hizi mtu anaweza kuiuliza taasisi ina taarifa gani zake, kudai zisahihishwe, kukataa zisitumiwe kumuuzia bidhaa, na kulalamika akidhurika. Zina meno zinapotumika. Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kutolewa kwa kadi za utambulisho za Huduma hakukuwa halali, kwa kuwa serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa faragha kama sheria inavyotaka. Serikali yenyewe ilifungwa na sheria yake.

Kwa mtu mmoja mmoja, hatua zenye faida ni chache na hazigharimu. Ya kwanza ni kuweka uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp na barua pepe, ili aliyeiba laini asiweze kufungua akaunti. Ya pili ni namba ya siri kwenye laini yenyewe. Nakala za mazungumzo zinazohifadhiwa nje ya simu nazo zinahitaji kusimbwa, jambo ambalo WhatsApp imeliruhusu tangu mwaka 2021 lakini mtumiaji lazima aliwashe mwenyewe. Asipoliwasha, mazungumzo yaliyosafiri kwa siri hulala wazi. Telegram, kinyume na wengi wanavyodhani, haisimbi gumzo la kawaida mwisho hadi mwisho, ila gumzo lile la siri tu. Programu ya tochi inayoomba kusoma majina kwenye simu haina sababu njema ya kuyaomba.

Uvujaji mwingine hauna hata intaneti ndani yake. Daftari la mlinzi getini lina jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu ya kila aliyeingia jengoni, na anayefuata kwenye foleni husoma yote yaliyoandikwa juu ya mstari wake. Nakala za vitambulisho huachwa kwa mawakala bila kujulikana zinaishia wapi, na karanga za mtaani huweza kufungwa kwa fomu ya mkopo ya mtu. Mambo haya hurekebishwa kwa agizo la mkuu wa ofisi, asubuhi moja, bila bajeti.

Dhidi ya swichi, hatua za mtu mmoja hazitoshi, na uwanja uliobaki ni mahakama. Januari 2019 Mahakama Kuu ya Zimbabwe iliamuru intaneti irudishwe kwa kuwa waziri aliyetoa amri ya kuizima hakuwa na mamlaka hayo kisheria. Juni mwaka huo huo wakili mmoja wa Khartoum alimshtaki mtoa huduma wake na kushinda. Kwa kuwa alikuwa ameshtaki kwa jina lake tu, alirudishiwa intaneti yeye peke yake huku Sudan nzima ikiwa gizani, akarudi mahakamani hadi na wengine wakafunguliwa mwezi Julai. Tarehe 25 Juni 2020 mahakama ya jumuiya ya Afrika Magharibi, ECOWAS, iliamua kwamba Togo ilivunja uhuru wa maoni kwa kuzima intaneti mwaka 2017, na ikaiamuru ilipe kila mlalamikaji faranga milioni mbili za CFA. Azimio la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu la mwaka 2019 kuhusu uhuru wa kujieleza limesema wazi kwamba dola haipaswi kukata au kuvuruga intaneti kwa wananchi wake.

Wakazi wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki nao wana mahakama yao Arusha, ambayo Machi 2019 iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016 vilikiuka mkataba wa jumuiya. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri pale bila kupitia kwanza mahakama za nchi yake. Ila mkataba umeweka kikomo kifupi: shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kinacholalamikiwa kitokee au tangu mlalamikaji alipokijua. Kwa hiyo anayekusudia kulalamikia uzimaji ana kazi ya kuanza siku ile ile mtandao unapokatika, kwa kuandika kwa kalamu na karatasi tarehe, saa, kampuni ya simu, huduma iliyokatika na hasara aliyoipata.